Barua ya wazi: Mnaotupima, tuonyesheni mlichoandika

Kwa Waziri wa Masuala ya Maveterani wa Marekani, kwa Waziri wa Ulinzi, na kwa wenyeviti wa kamati za maveterani na za majeshi katika Baraza la Wawakilishi na Seneti, Washington.

Waheshimiwa,

Siku niliyopimwa mgongo nilivaa viatu visivyo na kamba. Ilikuwa mwaka 2015, nikiwa bado mwanajeshi, na kwa miezi mingi nilikuwa siwezi kuinama nikafunga kiatu. Buti za kazini alikuwa akinifunga mume wangu alfajiri, kapiga magoti sakafuni, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda nimeshikilia godoro. Siku ya kliniki nilichagua viatu vya kuchomeka mguu tu ili nisimsumbue mtu. Mpimaji aliponiambia nivue, nikakanyaga kisigino cha kimoja kwa ncha ya kingine, vikatoka. Baadaye sana, nikiwa raia, nilikaa mezani nikaisoma ripoti yake neno kwa neno. Imeandikwa kwamba nilivua viatu bila shida.

Haukuwa uongo. Vilitoka bila shida. Lakini mtu pekee aliyejua kwa nini vilitoka kirahisi alikuwa amekaa mbele ya huyo mwandishi, karibu kiasi cha kuguswa, na hakuulizwa.

Kabla ya hapo aliniuliza naendeleaje leo. Nikamjibu kwa Kiingereza kile ambacho mtoto wa Kiswahili hujibu tangu anapoanza kusema: sijambo, nashukuru. Kwetu hata mgonjwa aliyelazwa, ukimwamkia, kwanza ataitikia kwamba hajambo, ndipo akueleze kilichomlaza. Salamu ina sehemu mbili, na habari yenyewe iko kwenye ya pili. Mpimaji hakuingojea ya pili. Aliandika kwamba siku hiyo sikuwa na malalamiko mapya na kwamba sikutaja vipindi vya maumivu kuchachamaa. Kisha akaniambia nisimame.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mwaka 2009, jeshi lilipoanza kuandikisha wageni kupitia mpango wa MAVNI, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha lilizozitafuta. Mlitaka watu wanaofikiri kwa lugha hii, nami nikaja. Nilipewa usukani wa lori badala ya kazi ya ukalimani, na sikunung'unika, nililipenda lori. Lakini maumivu yangu nayajua kwa Kiswahili, na wenzangu wengi waliopita njia hii wanayajua hivyo hivyo. Wakalimani mnao. Safari hii naomba wawe na kazi ya kufanya kwa ajili yetu.

Nieleze kilichonifikisha kwenye kile chumba. Mwaka 2014 tulikuwa mazoezini, hapa hapa Marekani, tunaendesha usiku bila taa. Gurudumu la mbele la lori langu likaingia korongoni. Kiti kilinirusha juu, kikanirudisha chini, kikanirusha tena. Sikuvunjika kitu. Asubuhi nilikuwa kazini, kwa sababu mwenzako akiona umekaa chini wewe ndiye unayemwongezea mzigo. Nilimeza vidonge mwaka mzima. Mwisho daktari wa kambi akasema mgongo huu hautarudi kwenye lori, na jina langu likapelekwa mbele ya MEB.

Kwa msomaji ambaye hajapita huko: mwanajeshi anayedhaniwa hawezi tena kazi yake hupelekwa kwanza MEB, bodi ya madaktari inayoangalia kama bado anakidhi viwango vya afya vya jeshi. Akionekana hakidhi, jalada lake huenda PEB, bodi inayoamua kama anafaa kubaki au la. Anapewa afisa wa kumwongoza, ambaye sote tunamwita peblo, na mtu wa VA, yaani wizara ya maveterani, anayemjazisha madai. Katikati ya hayo yote kuna uchunguzi wa mwili, na matokeo yake yakishaandikwa, watu wa VA wanaopanga asilimia ya ulemavu husoma karatasi tu. Hawatamwona mwanajeshi. Ndiyo maana narudi na kurudi kwenye kile chumba. Kila kinachofuata kinasimama juu ya kile ambacho mtu mmoja aliandika ndani ya dakika chache.

Mfumo huu ulitokana na aibu ya taifa. Februari 2007 gazeti la Washington Post lilionyesha jinsi majeruhi wa Iraki na Afghanistan walivyokuwa wakiishi katika Jengo namba 18 la hospitali ya Walter Reed, kuta zina ukungu, nao wamepotea katikati ya makaratasi. Wakati huo mwanajeshi alipimwa na jeshi, akishatoka akapimwa upya na VA, na mara nyingi majibu hayakufanana. Novemba mwaka ule ule wizara zenu mbili zikaanza majaribio ya kumpima mara moja tu, na uchunguzi ule mmoja ukatumiwa na pande zote mbili. Mwaka 2011 utaratibu ukawa umeenea kila mahali.

Lilikuwa jambo jema, na nawashukuru waliolipigania. Lakini tazameni maana yake. Zamani kosa la mpimaji wa jeshi lilikuwa na nafasi ya kugunduliwa na mpimaji wa VA. Leo kosa likiandikwa, linaingia wizara mbili kwa wakati mmoja na kila moja inaamini nyenzake imehakiki. Mlipopunguza vipimo kutoka viwili hadi kimoja, kile kimoja kilichobaki mngekilinda mara mbili.

Sasa niwaonyeshe kosa dogo linaweza kugharimu nini. Kwa mujibu wa kanuni za VA, mgongo wa chini ukiweza kuinama mbele zaidi ya digrii 60 lakini usivuke 85, ni asilimia 10. Zaidi ya 30 hadi 60, ni asilimia 20. Ukiishia 30 au chini ya hapo, ni asilimia 40. Kwa kuinama mbele, asilimia 30 haipo kabisa kwenye jedwali hilo. Na kwa mwanajeshi ambaye hajafikisha miaka 20 kazini, asilimia 30 ndio mpaka wa jeshi: akifika hapo anastaafishwa kwa ugonjwa, ana pensheni, na yeye na familia yake wanabaki na Tricare, bima ya afya ya jeshi. Chini ya hapo anapewa malipo ya mkupuo na kuaga. Kwa hiyo mwanajeshi ambaye mgongo peke yake ndio uliomwondoa kazini, akipimwa digrii 30 anastaafu, na akipimwa 31 anafungasha. Kati ya maisha hayo mawili kuna digrii moja.

Digrii moja, waheshimiwa, ni kitu ambacho jicho la binadamu haliwezi kukiona. Ndiyo sababu kanuni yenu wenyewe, ibara ya 4.46, inasema kwamba goniometa ni chombo kisichoweza kukosekana mtu anapopima kiungo kinapinda kiasi gani. Ni kifaa kidogo cha mikono miwili inayozunguka kwenye duara lenye namba. Kinaingia mfukoni. Siku ile mpimaji wangu alishika kalamu. Alisimama pembeni, akaniambia inama mbele, akatazama, akaandika 45.

Na hiyo 45 niliichangia mwenyewe, kwa hiyo niseme ilivyokuwa. Maumivu yalinishika mapema, magoti bado yako mbali na vidole vyangu. Pale ningesimama na kusema, hapa. Lakini nilikuwa na miaka sita ndani ya jeshi, na jeshi lilinifundisha kwamba ukiambiwa fanya, unafanya mpaka aliyekuambia aseme inatosha. Nikauma meno nikajisukuma. Mpimaji aliona mtu anayeinama. Hakuniuliza maumivu yameanzia wapi, wala hakuniambia nirudie mara ya pili na ya tatu aone kama nitaishia pale pale. Nisingefika. Nilitoka pale nikalala kwenye kiti cha nyuma cha gari mpaka nyumbani.

Kuuliza hayo si fadhila, ni wajibu wake. Tangu kesi ya DeLuca ya mwaka 1995, Mahakama ya Rufaa za Madai ya Maveterani imeamua kwamba kupima kiungo hakuishii kwenye namba ya siku hiyo. Lazima yaangaliwe maumivu, udhaifu, uchovu wa kurudiarudia, na vipindi ambavyo hali inachachamaa, na inapowezekana upungufu huo utajwe kwa digrii. Mwaka 2017, katika kesi ya Sharp, mahakama ikaongeza kwamba mpimaji hawezi kukwepa kwa kusema leo sikuona maumivu yakichachamaa. Anapaswa kumuuliza mgonjwa yakija yanakuwaje, yanadumu muda gani, yanamzuia nini, kisha akadirie. Sheria iko wazi, na iko upande wetu kuliko watu wengi wanavyodhani. Hata pale ushahidi unapolingana pande zote, ibara ya 3.102 inataka shaka imnufaishe mwanajeshi. Lakini shaka haiwezi kumnufaisha mtu ikiwa haikuandikwa. Ripoti yangu haikuwa na shaka hata chembe. Ilikuwa safi, fupi, yenye uhakika, na ilikuwa imekosea.

Mtaniuliza: hukupewa nafasi ya kupinga? Nilipewa. Nililetewa bunda la karatasi lenye unene wa mkate, na ripoti ilikuwa ndani yake, mahali fulani katikati. Niliambiwa nina siku chache za kusoma, kukubali au kujibu. Hakuna aliyenifungulia ukurasa ule akaweka kidole penye 45 na kuniambia, sajini, namba hii ndiyo inayoamua kama watoto wako watakuwa na bima. Peblo wangu alikuwa mtu mwema mwenye wanajeshi wengi kuliko saa za siku. Nikasaini. Nilichotaka wakati ule ni kwenda nyumbani kulala.

Nikatoka mwaka 2016. Kwa miaka 7 nilipewa mishahara ya msingi ya miezi 14, kwa hesabu ya miezi miwili kwa kila mwaka. Kwa Kiswahili malipo hayo tunayaita kiinua mgongo, na siku nilipoyapokea sikuweza kulitamka neno hilo mbele ya mume wangu. Kisha nikajifunza jambo ambalo naapa sikuwahi kuelezwa nikaelewa: kwa kuwa sikuumia vitani, sheria inataka VA iyarudishe malipo yale kwa kuizuia fidia ya ugonjwa ule ule kila mwezi hadi deni liishe. Mlio wa masikioni, ambao ni ugonjwa mwingine, ulilipwa, asilimia 10. Mgongo ulionitoa jeshini haukunipa senti kwa muda mrefu. Tulikuwa tumeshazitumia zile fedha kuhama na kuanza upya, kama familia yoyote ambayo mshahara wake umekatika.

Mwaka 2018 nikapimwa tena, kwa madai ya VA. Nilikwenda nimejiandaa kugombana. Mpimaji wa safari hii alikuwa mama wa makamo. Aliniambia kabla hajaniuliza chochote: mimi si daktari wako wa kukutibu, sitakupa dawa, kazi yangu ni kuandika jinsi ulivyo, kwa hiyo usinionyeshe ushujaa. Alitoa goniometa. Aliniinamisha mara tatu. Kila mara aliniambia, ukifika penye maumivu sema, hapo hapo, usinipite. Ikawa 25. Akaniuliza kuhusu siku mbaya, na mume wangu akaruhusiwa kusema habari ya buti.

Alipomaliza kuandika akafanya jambo ambalo sijawahi kuona likifanywa kabla wala baada. Aligeuza kioo cha kompyuta upande wangu. Akasema, soma, nilipokosea niambie. Nikasoma. Alikuwa ameandika kwamba natumia fimbo mara chache, nikamwambia ni kila siku ninapotoka nje ya nyumba. Akarekebisha. Nilitazama saa ya ukutani: zilikuwa dakika nne.

Nawaombeni dakika nne hizo kwa kila mtu.

VA ilipandisha mgongo wangu hadi asilimia 40. Nashukuru kwa hilo. Lakini nilipojaribu kurudi upande wa jeshi na karatasi hiyo, jibu lilikuwa kwamba kipimo cha 2018 kinaeleza mgongo wa 2018. Labda ni kweli mgongo uliharibika zaidi katikati. Siwezi kuthibitisha, na sitaweza kamwe, kwa sababu mgongo wa 2015 haukupimwa. Ulitazamwa.

Mgongo angalau una digrii. Kuna kaka mmoja niliyetumikia naye, mtoto wa Maziwa Makuu, aliyepimwa akili baada ya kurudi Afghanistan. Aliulizwa hali yake. Akajibu kwa Kiingereza chake kizuri kwamba ana mawazo mengi. Kila anayesoma Kiswahili ameshaelewa alichosema. Mtu akikwambia ana mawazo, unavuta kiti, unakaa naye, unamwondolea kisu jikoni ikibidi. Mpimaji aliyatafsiri kichwani mwake kama mawazo ya kawaida, akamuuliza kama anasikia sauti. Kaka akakasirika, maana alidhani anaitwa mwendawazimu. Akajibu hapana kwa kila swali lililofuata. Ripoti ikasema halali vizuri lakini anajimudu. Mke wake ambaye alikuwa hajalala chumba kimoja naye kwa mwaka, kwa hofu ya mikono yake usiku, alikuwa kwenye maegesho na mtoto.

Na hili ni eneo ambalo kanuni zenu zimejaribu kuwa na huruma. Ibara ya 4.129 inataka mtu aliyeondolewa jeshini kwa ugonjwa wa akili uliotokana na tukio la kutisha apewe asilimia isiyopungua 50, kisha apimwe upya ndani ya miezi 6. Lakini huruma hiyo humfikia yule ambaye mpimaji ameandika kwamba ugonjwa wake ndio unaomshinda kazi. Anayeandikwa kwamba anajimudu haifiki kwake.

Yako mengine nitayapitia haraka. Sehemu kubwa ya uchunguzi wa VA siku hizi hufanywa na kampuni za mkataba, na simu zao huja kwa namba ngeni. Nani anapokea namba ngeni leo? Kanuni inasema ukikosa miadi ya madai ya nyongeza bila sababu nzuri, madai yanakataliwa. Tangazeni namba zitakazotumika, tumeni ujumbe kwenye akaunti ya mwanajeshi ya VA, na mtu asihesabiwe amekosa mpaka ithibitike kwamba alijua. Kuhusu sheria ya PACT iliyosainiwa Agosti 10, 2022, iliyowafikiria waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka, hongereni. Wenzetu waliotumwa Djibuti baada ya Septemba 11, 2001 wamo, na wengi wao hawajui kwamba wamo. Waambieni, hata kwa lugha zao.

Lakini nirudi kwenye ombi langu, maana ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Wekeni kanuni kwamba hakuna ripoti ya uchunguzi itakayotoka chumbani kabla aliyepimwa hajaisoma au hajasomewa. Awe na mahali pa kuandika, kwa maneno yake, lugha yoyote: hili si kweli, hili limesahaulika, viatu vyangu havina kamba. Maneno hayo yaende pamoja na ripoti hadi kwa mpanga asilimia. Mpimaji habanwi abadilishe maoni yake ya kitaalamu, hilo najua hamtalikubali na silitaki. Nataka mpanga asilimia aone kwamba watu wawili walikuwa chumbani. Mtasema wapimaji watatishwa na wagonjwa wakali. Yule mama hakutishwa na mimi, na nilikwenda pale na hasira ya miaka miwili. Kilichonipoza ni kusoma.

Ripoti ya kiungo isiyosema kipimo kilichukuliwa kwa goniometa, maumivu yalianzia digrii ya ngapi, na mgonjwa alijibu nini kuhusu siku zake mbaya, irudishwe kwa aliyeiandika kabla haijapewa asilimia. Isiwe kazi ya mwanajeshi aliyechoka kuligundua hilo ndani ya bunda. Na matokeo yaliyo karibu na mpaka unaobadilisha maisha, kama ule wa 30, yapimwe na mtu wa pili. Ni gharama, ndiyo. Mnaweza kuilinganisha na gharama ya rufaa zinazofuata kwa miaka.

Mwanajeshi aulizwe lugha yake siku anapopangiwa miadi. Msingoje mpaka awe amekwama katikati ya swali. Kwamba tulipita mtihani wa Kiingereza wa jeshi hakumaanishi tunaweza kueleza kwa Kiingereza kinachotuamsha saa tisa ya usiku. Na mke, mume, au yeyote anayeishi na mgonjwa aruhusiwe kuingia na kusema. Siku hizi inategemea moyo wa mpimaji.

La mwisho ni kwa ajili ya waliokwisha kutoka. Bunge lilipopitisha sheria ya ulinzi ya mwaka 2008 liliwahi kukiri kwamba watu walipewa asilimia ndogo kuliko haki yao. Iliundwa bodi maalumu ya kupitia upya majalada ya waliotolewa kwa ugonjwa kati ya Septemba 11, 2001 na Desemba 31, 2009 kwa asilimia 20 au chini. Mimi nilitoka 2016, niko nje ya dirisha hilo, pamoja na kila aliyepimwa kwa jicho baada ya mwaka 2009. Fungueni dirisha lingine. Anzeni na majalada ambayo ndani yake hakuna hata neno goniometa.

Waheshimiwa, niruhusuni niseme kidogo na wenzangu ambao jalada lao bado liko mezani. Ndugu zangu, wakili wa jeshi wa kukutetea mbele ya bodi hizi ni bure, mtafuteni siku mnayotajwa MEB, msingoje matokeo ya PEB. Mnayo haki ya kuomba daktari asiyehusika apitie ripoti ya MEB, na haki ya kujibu kwa maandishi. PEB ikiwaona hamfai, mnaweza kuomba, mara moja tu, asilimia ya VA ya ugonjwa uliowaondoa iangaliwe upya kabla hamjatoka. Andikeni shajara ya siku mbaya: tarehe, ulishindwa nini, nani aliona. Anayeishi nawe aandike naye, aweke saini. Na ukiulizwa unaendeleaje, ewe uliyelelewa na mama aliyekufundisha adabu, usiseme sijambo. Mama atakuelewa.

Mwezi ujao nina miadi nyingine, ya goti. Nitavaa viatu vya kamba, ambavyo mume wangu atanifunga kabla hatujatoka nyumbani, na nitamwomba mpimaji atazame nitakavyohangaika kuvifungua. Akimaliza kuandika nitamwomba ageuze kioo. Akisema hapana, ningependa siku hiyo niwe na kanuni yenye saini yenu ya kumwonyesha.

Wenu,
Sajini wa zamani, dereva wa malori
Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, 2009–2016